Siku Tuliyopima Tumbo kwa Utepe

Tulikuwa wanawake sita kwenye mkeka uani kwangu, Kilwa Masoko, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Nilikuwapo mimi mwenye nyumba. Alikuwapo binti yangu wa pili, aliyekuja asubuhi kutoka Tingi na mfuko wa mihogo. Alikuwapo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu huyo, mwenye mimba ya miezi saba, na sherehe tuliyokutana kuipanga ilikuwa yake. Alikuwapo wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke wa sauti nzito anayeuza vitenge. Alikuwapo rafiki wa mjukuu wangu, msusi, mwenye saluni karibu na stendi. Huyo ndiye aliyetuletea habari ya bebi shawa, sherehe ya kumtunza mwenye mimba kabla hajajifungua. Na alikuwapo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kungwi, ambaye tulichezwa unyago mwaka mmoja mimi na yeye, na baadaye akawafunda wasichana wengi wa mtaa huu, mjukuu wangu akiwa mmoja wao. Majina yao yote ninayo, na ya mama zao na ya bibi zao, ila siyaandiki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mume wa mjukuu wangu hakuwapo mwanzo. Alikuja baadaye, na alivyokuja nitasema.

Lakini kabla ya mkeka ule kuna jambo lazima nilitangulize, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini mimi, mtu mzima na mvi zangu, sikuona.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenzangu, na mumewe ni mume wangu. Basi tangu harusi yao yule kijana akija kwangu haingii kimya. Anapiga hodi kwa kelele, "Mke mkubwa yupo?" Nami najibu, "Leo umekumbuka kuwa una wake wawili?" Anakaa, anakula nilichopika, anakisema kibaya, namwambia arudi kwa yule kimwana wake asiyejua kuosha mchele. Ndivyo tulivyoishi, na mtaa mzima ulikuwa unacheka nasi.

Kazi yake ilikuwa supu ya pweza pale sokoni. Asubuhi alinunua kwa wanawake wanaochokoa miambani maji yakipwa, akawalaza pweza juu ya jiwe nyuma ya nyumba yake na kuwapiga kwa kirungu cha mkwaju mpaka nyama ilegee. Mkono wake ulikuwa umezoea. Pwa, pwa, pwa, huku anaongea na simu.

Siku moja nilimuuliza, "Mke mwenzangu hajambo?"

Akasema, "Hajambo. Jana nimempiga kama pweza, sasa amelainika."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mpige sawasawa, mume wangu. Pweza asiyepigwa huvunja watu meno."

Akacheka na yeye. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Sikumtazama kama naye anacheka.

Maneno yale hayakuwa ya siku moja. Yalirudi siku ya Idi, na yakarudi siku aliyoniletea pweza wawili wakubwa akasema, "Hawa nimewapiga mimi, na mke mwenzio nimempiga vilevile, chagua nani ana nyama laini." Kila mara nilikuwa na jibu. Mtani asiye na jibu ni mtani gani? Na tena mimi mwenyewe nilipigwa. Marehemu mume wangu alinipiga kwa mkanda mpaka siku kiuno chake kilipokufa ganzi, na bibi yangu alikuwa akimuuliza mbele yangu, "Leo umemnyoosha?" na watu wanacheka, na mimi nikajifunza kucheka. Kwa hiyo lilipotajwa pigo, kicheko kilikuja chenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

Sasa nirudi mkekani.

Nilikuwa natwanga kisamvu huku tukizungumza. Msusi alikuwa na simu mkononi anatuonyesha picha za bebi shawa za Dar es Salaam: maputo, keki yenye umbo la kiatu cha mtoto, mwanamke amevaa taji na tumbo liko wazi.

Kungwi akasema, "Huyo tumbo lake liko wazi mbele ya watu?"

"Ndiyo, bibi. Siku hizi tumbo linapigwa picha."

"Na kijicho nacho kinapigwa picha?"

Tulicheka. Binti yangu hakucheka. Yeye alikuwa hataki tangu mwanzo. Akasema, "Sisi mtoto hatumshonei kabla hajalia. Anapokelewa na kanga kuukuu ya mama yake, basi. Siku ya arobaini ndiyo watu waje na vyao."

Wifi mtu akasema, "Arobaini itakuwepo, na hii itakuwepo. Ila sare ni lazima. Nina kitenge cha zambarau, kinatosha watu wote."

"Tulijua tu tutafika kwenye kitenge chako," akasema msusi.

"Wewe suka nywele, mwanangu. Nguo niachie mimi."

Tuliendelea hivyo mpaka nikaamua kama mkubwa: nguo za mtoto zisinunuliwe, watu waje na sabuni, kanga na ndoo, rangi ya sare iwe ya bluu, na keki iwe ya kawaida isiyo na kiatu. Kungwi akakubali. Binti yangu akanyamaza, na kwake kunyamaza ni kukubali nusu.

Muda wote huo mwenye sherehe alikuwa hasemi. Alivaa dera pana la mikono mirefu na mtandio juu yake, na jua lile. Nilidhani ni uzito wa mimba.

Msusi akatoa kibunda cha utepe mweupe. Akatueleza mchezo wenyewe: kila mgeni anakisia unene wa tumbo la mwenye mimba, anakata utepe wake, halafu tepe zinazungushwa tumboni moja moja, na aliyepatia anapewa zawadi.

Mimi ndiye niliyesema tujaribu. Nikasema, "Mke mwenzangu, simama tukupime, nijue mume wetu anakulisha kuliko anavyonilisha mimi."

Akasema, "Nimechoka, bibi."

"Umechoka na nini? Kazi ameifanya yeye."

Wakacheka. Nikamshika mkono nikamvuta. Akasimama polepole, akiwa ameuma mdomo. Msusi akapitisha utepe, lakini dera likajaa mikunjo na utepe haukukaa.

Msusi akasema, "Pandisha kidogo, shoga. Tupo wanawake watupu hapa."

"Mwacheni, anaona haya," akasema wifi yake kwa haraka. Haraka ile niliielewa baadaye.

Mjukuu wangu alilishika dera lake kwa mikono miwili, akalibana mapajani. Na mimi, nikiwa nacheka, niliinama nikashika pindo nikalivuta juu kwa nguvu mpaka kifuani.

Alivyokuwa chini ya dera nitaandika kama nilivyoona. Paja la kushoto lilikuwa jeusi kuanzia nyongani mpaka karibu na goti. Mbavuni kulikuwa na alama za duara, nyingine mbichi zambarau, nyingine za zamani zimegeuka rangi ya embe lililooza, kila moja ukubwa wa kichwa cha kirungu. Moja ilikuwa juu ya kitovu. Tumbo lilikuwa limevutika na alama imevutika nalo. Msusi alikuwa bado ameshika ncha mbili za utepe.

Kungwi akauliza, "Hii nini, mwanangu?"

"Nilianguka chooni."

"Choo hakina kirungu."

Binti yangu akasimama. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Nani?" Akauliza tena. Mwanawe akalishusha dera, akalinyoosha vizuri, kisha akanitazama mimi.

Akasema, "Bibi anajua."

"Mimi?"

"Kila mara alikuwa anakueleza. Akirudi nyumbani ananiambia, hata bibi yako ameniruhusu."

Kisha akamgeukia kungwi. "Na wewe somo yangu ulinifunda nikipigwa nisitoke nje na kilio. Sikutoka."

Nadhani yangeishia kwenye kilio kama wifi yake asingefungua mdomo. Alisema, "Ndugu yangu hana wazimu wa kupiga bure. Huyu anajibu. Mwanamke mwenye mdomo hujitafutia. Na utani ule mliutaka wenyewe, mnamshangaa nani?"

Binti yangu alimrukia juu ya vikombe. Sijawahi kumwona mwanangu vile, yeye ambaye hata kuku anamwita mtu amchinjie. Waliangukia chupa ya chai, ikapasuka, chai ikawaunguza wote wawili na hakuna aliyeachia. Walipigana kwa kucha na meno. Hereni ya wifi mtu ilitoka na kipande cha sikio. Binti yangu aling'olewa nywele pembeni mwa kichwa, nyama ikabaki inang'aa. Binti yangu alikuwa akimpigiza mwenzake kichwa sakafuni na kusema, "Ulijua. Ulijua. Ulijua." Kungwi na msusi walivuta mmoja huku, mwingine kule. Mimi sikuamulia. Nilikuwa nimerudi kukaa kwenye kigoda, mchi mkononi, kisamvu kimenirukia miguuni.

Ndipo tukasikia pikipiki mlangoni. Nikasimama na mchi wangu.

Aliingia na ndoo ya pweza, kitoweo cha mkutano. Kwa kweli alikuja kwa wema siku hiyo, siwezi kusema vingine. "Hodi kwa wake zangu," akasema. Akaona vikombe, akaona dada yake ameshika sikio, damu inapita vidoleni. Hakuelewa. Akaniona mimi nimesimama, akadhani labda wanawake wamegombania sare. Akasema, "Mke mkubwa, mbona umenuna? Nikuchape na wewe?"

Nilimpiga na mchi begani.

Alicheka. Nataka hili lieleweke: pigo la kwanza alicheka, jinsi mimi nilivyokuwa nacheka. "Leo mke mkubwa ana wivu," akasema, akaweka ndoo chini. Nikampiga la pili palepale. Hapo akaacha kucheka. Hakunitazama mimi, alimtazama mkewe.

"Umesema nini?"

Alimfikia kwa hatua mbili. Akamkamata nywele, zile alizosukwa jana yake, akamkokota kuelekea mlangoni. Mjukuu wangu aliangukia ubavu, akajikunja kuzunguka tumbo lake kama jongoo. Akampiga teke la paja. Akampiga jingine. La tatu lilimkuta kungwi. Bibi kizee yule, mwenye magoti mabovu kuliko yangu, alijitupa juu ya mwali wake na kulipokea teke mbavuni, na nililisikia likiingia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nipige mimi, mimi ndiye niliyemfunda anyamaze."

Mkono wa kulia wa yule kijana ulikuwa bado umeshika nywele. Nililenga pale, juu kidogo ya kiganja, nikashusha mchi kama ninatwanga. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akaachia. Akanisukuma kwa mkono uliobaki, nikaangukia mdomo wa kinu, meno yangu mawili ya mbele yakabaki kwenye kisamvu. Nilipoinua uso, msusi alikuwa anampiga usoni kwa kigoda, na binti yangu ameokota mbuzi ya kukunia nazi na kumchapa nayo muundini, ule upande wa chuma. Damu yake ilikuwa nyingi kuliko yetu sote. Alipiga goti. Walimpiga akiwa amepiga goti. Nami nilitambaa nikampiga pia, kwa ngumi, mgongoni, mpaka pumzi ikaniishia. Dada yake ndiye peke yake hakumpiga, wala hakumsaidia. Alikaa ukutani na sikio lake.

Kijana alitoka akichechemea, pikipiki akaiacha, ndoo akaiacha imemwagika na pweza wametapakaa uani.

Kisha mjukuu wangu akasema, kama mtu anayesema mvua inanyesha, "Mama, kuna damu."

Alilazwa hospitalini siku tatu. Waganga walituambia mtoto bado yumo na moyo unapiga, ila mama asisimame, asibebe, asishtuke. Kungwi alilazwa kitanda cha kando yake, mbavu mbili zimevunjika, na usiku kucha wakawa wameshikana mikono kati ya vitanda. Mimi niliwapelekea uji na sikuweza kuongea, kwa meno na kwa mengine.

Wiki ya pili tukaitwa kikao nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana alikuja, mkono wake umefungwa plasta, pamoja na baba yake mdogo, mzee anayejua kusema. Mjukuu wangu alikaa kando ya mlango, mikono juu ya tumbo. Na jambo lililokuwa mezani lilikuwa moja tu: arudi kwa mumewe au asirudi.

Baba mdogo akasema, "Ndugu zangu, huyu bibi na huyu kijana ni watani, hilo nani halijui? Na utani hauna kesi, tangu enzi na enzi. Kijana alizidisha, kirungu si cha mke. Bibi naye alizidisha, mchi si wa mume. Wote wametaniana kupita kiasi. Wapeane mikono, mke arudi nyumbani kwake azae kwa amani."

Watu wakaguna kukubali. Hata upande wetu waliguna. Ilikuwa njia nzuri, haikumwaibisha mtu.

Mwenyekiti akaniinamia. "Bibi, shikamoo tena. Wewe sema tu ulikuwa unatania, yaishe. Ukisema hukutania, mkono wa mtu umevunjika, ni kesi. Na mimi sitaki kukupeleka kituoni na umri huo."

Nilielewa alichonipa. Nikisema neno moja, mimi nakwenda kulala kwangu. Na yule pale mlangoni anakwenda kulala kwenye nyumba yenye jiwe na kirungu.

Nilimtazama. Hakuniomba kitu. Alikuwa ananitazama jinsi alivyosimama siku ile na beseni la vyombo, anasubiri kuona kama nitacheka.

Nikasema, "Mwenyekiti, marahaba. Pigo la kwanza nilitaka limvunje bega, halikumvunja kwa sababu nimezeeka. La pili vilevile. La tatu nililenga mkono na nikaupata. Hakuna hata moja lililokuwa la utani. Na yeye hajawahi kunitania hata siku moja. Alikuwa ananieleza kweli, na mimi nikawa nacheka. Kuanzia leo mimi si mke wa mtu yule wala si mtani wake. Twende kituoni, mimi na yeye, tuongozane."

Baba yake mdogo akasema, "Bibi, unavunja utani mbele za watu?"

"Nimeuvunja."

Kituoni, kwenye dawati la jinsia, alikuwapo binti mdogo wa polisi anayeandika taratibu. Nilimweleza yote, nikamwambia aandike na kicheko changu. Akasema kicheko hakina kifungu cha sheria. Mjukuu wangu alieleza ya kwake, na safari hii alilipandisha dera mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuna aliyemvuta. Kijana alifikishwa mahakamani. Mimi niliambiwa nitaitwa, na nimekuwa nikisubiri kuitwa. Kanga ya kuvaa siku hiyo ninayo, imekunjwa.

Bebi shawa haikufanyika. Mtoto alizaliwa Tingi kwa bibi yake, miezi imetimia, wa kike, mwenye sauti. Kungwi alikwenda na mbavu zake zilizofungwa, akampokea kwa kanga kuukuu kama tulivyokubaliana mkekani. Msusi alileta sabuni na ndoo. Wifi alituma kitenge cha zambarau kwa mkono wa mtu mwingine, na binti yangu hakukirudisha, amekiweka juu ya kabati.

Mimi huenda Tingi kila nikipata nafasi. Mjukuu wangu ananipokea mzigo, ananitengea kiti. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Anamweka mtoto mapajani kwangu yeye mwenyewe, kisha anakaa karibu mpaka nimrudishe. Neno la mke mwenza hajalitamka tena, na mimi silianzi. Yule mtoto atakapokua, mila inasema ni mtani wangu naye. Sijui nitamtania nini.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Wifi mtu amesema huko sokoni kuwa nilicheka siku moja tu, na kwamba mengine nimeyaongeza kwa majuto ya uzee. Kungwi anasema tatu. Mimi nahesabu nne: ile ya mlangoni, ile ya Idi, ile ya pweza wawili, na ile ya mkekani nilipovuta dera. Ninyi mliokuwapo, na ninyi majirani mliokuwa mnatusikia kutoka upande wa pili wa ukuta, kama nimezidisha nirekebisheni. Kama zipo nyingine nilizosahau, njooni mniambie, na mniambie pia mjukuu wangu alikuwa amesimama wapi.